Mzio si kila chakula kinachokukataa

Jumamosi iliyopita mnadani Msalato, hapa Dodoma, shemeji yangu alimwambia mchoma nyama: "Ya ng'ombe usiniwekee kabisa, nina mzio nayo. Nikatie mbuzi, hapo kwenye mafuta." Akala nusu kilo na pilipili, akashushia soda mbili. Jioni tumbo likajaa, akaulaumu mzio: eti kisu kilikuwa kimegusa ng'ombe. Nilinyamaza kwa kuwa ni shemeji. Ila ni mtu wa tatu mwezi huu kuniambia ana mzio wa nyama, na wote watatu shida yao ni tumbo zito.

Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, ni kinga ya mwili kumdhania rafiki kuwa adui. Protini ya chakula inaingia, mwili unaifyatulia kingamwili, na mtu anawashwa, anatoka mapele, midomo inavimba, pengine anatapika. Ukiwa mkali, pumzi inabana na presha inashuka, na hapo ni kukimbilia hospitali. Kiungulia hakimo humo. Gesi haimo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tunaliharibu neno la zamani. Mzio haukuzaliwa hospitali. Kabla madaktari hawajaliazima, neno hili lilitaja chakula ambacho mtu hali kwa sababu ni mwiko kwake. Hapa Ugogoni wazee wanasema muzilo, yaani kile ambacho ukoo wako umekatazwa. Ni neno lilelile. Kiswahili kina tabia ya kumeza sauti ya l katikati ya irabu. Mgogo anasema nzala, sisi tunasema njaa. Yeye mvula, sisi mvua. Yeye muzilo, sisi mzio. Ukienda hadi Bukoba, Wahaya wana omuziro, na Waganda vilevile: mtu wa ukoo wa Mmamba hali kamongo, yule samaki ambaye ukoo umepewa jina lake. Tumbo lake lingemmeng'enya kamongo bila shida yoyote. Hamli kwa sababu ni mzio wake, na kipande cha ukubwa wa kidole si afadhali kuliko samaki mzima.

Hilo la mwisho ndilo nadhani liliwapa madaktari ruhusa ya kuliazima neno. Mzio wa ukoo haupimwi kwa mizani, na mzio wa hospitali nao, ukiwa mkali, hauna "kidogo tu". Mwenye mzio mkali wa karanga anaweza kuzidiwa kwa mwiko uliokorogea mchuzi wa karanga. (Aleji yenyewe ni neno la juzi tu: lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Austria, Clemens von Pirquet, kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, "ingine" na "kazi". Muzilo ulishakuwa mzee wakati huo.)

Sasa mtu ambaye vipande viwili vya nyama ya ng'ombe havimfanyi kitu ila nusu kilo inamlaza, huyo kwa kawaida hana mzio. Tatizo lake lina mizani. Mara nyingi ni mafuta: mafuta hukawiza chakula kutoka tumboni, na mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo huyasikia zaidi. Kwa mwingine ni nyama ngumu isiyotafunwa vizuri, au pilipili, au ule wingi wenyewe. Ndugu yake ni yule anayeharisha kwa maziwa mabichi lakini mtindi unapita: amepungukiwa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, na bakteria wa mtindi wameshamsaidia sehemu ya kazi. Naye utamsikia akisema ana aleji ya maziwa.

Tofauti hii inabadilisha namna ya kujaribu nyama nyingine. Ambaye nyama inamkataa anaweza kujaribu taratibu nyumbani: kuku aliyetolewa ngozi, perege wa Mtera wa kuchemsha, sungura, ambaye nyama yake ina mafuta machache. Ajaribu moja kwa siku, kipande kidogo, bila pilipili, aone usiku utakuwaje. Hata mbuzi anafaa, kwa kuwa kwa kawaida ana mafuta kidogo kuliko ng'ombe wa kunona. Shemeji alichagua mnyama sawa, akaharibu kwa kuomba mafuta. Nyama ya soya nayo ijaribiwe kwa kiasi. Soya, kama kunde na maharage, ina sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, zikifika chini bakteria wanazichachua, na wewe unajaa gesi huku ukisifu kwamba umeacha nyama.

Mwenye mzio wa kweli hajaribu peke yake. Aende apimwe kwanza. Na huyo mbuzi asiwe wa kwanza kumkimbilia, kwa sababu protini za ng'ombe, mbuzi na kondoo zinafanana mno. Soya nayo imo kwenye orodha ya vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi. Upo hata mzio wa nyama unaoanzia kwenye kung'atwa na kupe: mwili unaanza kuikataa sukari moja iitwayo alfa-gali, iliyomo kwa ng'ombe, mbuzi, nguruwe na sungura, lakini haimo kwa kuku wala samaki. Wenye nao hula chakula cha jioni vizuri, wakaamka usiku wa manane miili inawasha, kwa kuwa huchelewa saa kadhaa. Sisi tunaoishi na mifugo tungepaswa kuujua huo kabla ya kujitangazia mizio ya kubuni.

Na kama shida yako ni tumbo tu, Kiswahili hakijakuacha bila neno. Mama zetu walisema "chakula hiki kinanikataa". Jumamosi ijayo, shemeji, mwambie mchoma nyama hivi: "Ya mafuta inanikataa, nikatie robo, pale pakavu." Atakuelewa, na kisu chake hatakiosha bure.