Kurasa kumi za ziada hazimfanyi mtu mwanafunzi bora

Swali limekuja tena wiki hii: "Mwalimu, nikijiunga na programu ya wanafunzi bora, kazi itaongezeka kiasi gani?" Muulizaji ana GPA (wastani wa alama, ambao kilele chake ni 4) ya 3.9 na hofu yake ni isije ikashuka hadi 3.8. Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika programu hiyo, kwenye chuo kikuu kimoja Marekani, na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

La haraka kwanza. Programu yetu si summa cum laude, yaani heshima ya juu kabisa ya kuhitimu. Hiyo hutolewa mwishoni, kwa kuangalia wastani wako wa alama. Unaweza kuipata bila kukanyaga semina yetu hata moja, na unaweza kumaliza programu yetu ukaikosa. Basi, tuendelee.

Hili la kazi kuongezeka tumelipanda wenyewe. Kuna kitu tunakiita mkataba: mwanafunzi anachukua somo la kawaida, anakubaliana na mhadhiri afanye jambo fulani zaidi, na somo linahesabiwa kwetu. Kila muhula ukianza, mikataba hurundikana mezani kwangu, na mingi inasema: "Ataongeza kurasa kumi kwenye insha ya mwisho." Kurasa kumi za nini, jamani? Kama hoja imekamilika kwa kurasa nane, kilichobaki ni maji kwenye supu. Mikataba ya namna hiyo huirudisha. Muhula uliopita nilirudisha mmoja wa somo la historia, ukaja umeandikwa upya: mwanafunzi angesoma daftari la mapato na matumizi la shamba moja la karne ya 19, lililoko kwenye nyaraka za maktaba, kisha aeleze ni wapi linapingana na alichofundishwa darasani. Insha yake ilitoka fupi kuliko za wenzake, na ilikuwa nzuri kweli.

Frank Aydelotte, mkuu wa Swarthmore, chuo kidogo cha Marekani, aliyekuwa amesoma Oxford, alipoanzisha mfumo wa namna hii chuoni hapo mwaka 1922, hakurundika kazi juu ya kazi. Wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho waliokubaliwa waliacha madarasa ya kawaida, wakaingia semina ndogo, na mwishoni wakatahiniwa na watahini wa nje, kwa maandishi na kwa mdomo. Hapo ndipo penye uhondo. Mwalimu asipokuwa ndiye mtoa alama, hakuna haja ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Yeye na mwanafunzi wako upande mmoja, wanamngoja mgeni. Swarthmore bado wanaleta watahini wa nje. Programu nyingi nyingine, yetu ikiwemo, zimebaki na semina na tasnifu tu, na nadhani tumepoteza kitu.

Kwa hiyo kinachobadilika ni hiki. Makala yako imesomwa na watu kumi kabla hujaingia chumbani, na wa kwanza kufungua mdomo anauliza kwa nini aya ya tatu inaikana ya kwanza. Au uko mwezi wa pili wa tasnifu, unagundua swali lako halijibiki kwa data uliyo nayo, na msimamizi anakwambia, "Haya, sasa tumeanza." Waliozoea A huumwa hapa kuliko wengine. Saa za kazi zinaweza kuwa zilezile. Mwongozo wa alama ndio haupo.

Je, inasaidia? Wahitimu wetu hufanya vizuri, lakini tuliwachagua kwa sababu walikuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Sehemu hiyo ya ripoti ya tathmini huiandika nikijikuna kichwa. Tena wengi huja kwa sababu tunawaruhusu kujisajili masomo mapema kabla ya wenzao, wala siwalaumu.

Linaloninyima raha ni jingine. Kama semina ndogo na mhadhiri mwenye subira vinamjenga mtu, mbona tunawapa wale ambao wangefaulu hata bila hivyo? Nikimuuliza dekani, ananijibu kwa bajeti.