4,294,967,297: namba isiyo tasa inayofanana na tasa

Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Namba nzima nyingine yoyote iliyozidi 1 si tasa, yaani ni zao la namba tasa mbili au zaidi. Ukipewa 91, hukawii kugundua kuwa ni 7 × 13. Ukipewa yenye tarakimu kumi, mambo hubadilika, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni 4,294,967,297.

Namba hii ni 2³² + 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyeipenda mno hisabati, alizitafakari 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja hupatikana kwa kuipa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha kuongeza 1. Zote tano ni tasa, naye akaamini kwamba zitakazofuata zitakuwa hivyo hivyo. Ya sita ndiyo hii yetu. Kwa macho haina dalili yoyote: inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 haziigawi; jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo hata 3 haiigawi.

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha hii kinazidi 65,536 kidogo sana, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542 za kujaribu. Nani angezimaliza kwa kalamu? Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, alitoa jibu mwaka 1732:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Euler alithibitisha pia kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo linafuta karibu orodha yote. Zinazobaki mwanzoni ni 193, 257, 449, 577, kisha 641, na hiyo ya tano ndiyo inayokubali.

Unaweza kuhakikisha hata bila kugawanya, na hapa ndipo ninapoiona hisabati ikipendeza. 641 ni 640 + 1. Ni pia 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sasa chukua 641 × 2²⁸. Ukifungua mabano unapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Sehemu ya kwanza ni 640⁴, kwa sababu 640 ni 5 × 2⁷. Kwa upande mwingine, 640² − 1 ni 639 × 641, na 640⁴ − 1 ni zao la hiyo na 640² + 1, kwa hiyo 641 inaigawa. Toa 640⁴ − 1 katika 641 × 2²⁸: kinachobaki ni 2³² + 1. Namba mbili zinazogawanyika kwa 641, ukizitoa, tofauti yake nayo inagawanyika.

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji kukijua kigawo chenyewe. Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia zaidi ya moja. Yetu ina mbili: 65,536² + 1², na 62,264² + 20,449². Hilo peke yake linatosha kukataa kuwa ni tasa.

6,700,417 yenyewe ni tasa, kwa hiyo vigawo vya namba hii ni vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Ukijumlisha vitatu vya kwanza unapata 6,701,059, kiasi kidogo mno mbele ya mabilioni manne.

Inayofuata katika mfululizo wa Fermat, 2⁶⁴ + 1, nayo si tasa: 274,177 inaigawa. Baada ya 65,537, hadi leo haijapatikana hata moja iliyo tasa.