Mstari na kazi yake: michoro ya Rodchenko, 1915–1921

Watu wakiona mchoro wa Aleksandr Rodchenko, msanii wa Urusi, huniuliza, "Hiki ni nini?" Wanatafuta jicho, gurudumu, labda mashine. Mimi hufundisha historia ya michoro, na huwaomba waliache swali hilo kwanza, wachague mstari mmoja tu, kisha waulize: upo pale kwa kazi gani?

Chukua michoro yake ya wino ya mwaka 1915. Vifaa ni bikari na rula. Matao yanakatana na mistari iliyonyooka. Vipande vilivyopatikana kati yake vingine vimejazwa weusi, vingine vimeachwa vitupu. Wachoraji wa Ulaya walikuwa wamesifiwa kwa karne nyingi kwa wepesi wa mkono. Rodchenko akauondoa mkono kabisa. Michoro ya aina hii ilionekana Moscow mwaka 1916, katika maonyesho yaliyoandaliwa na msanii mwenzake Vladimir Tatlin, na ukali wake haujapungua hadi leo. Lakini kwa macho yangu bado ni urembo: tao moja ukilisogeza kushoto kidogo, mchoro utaendelea kupendeza.

Jambo hilohilo ndilo lililowashughulisha wasanii wa INKhUK, Taasisi ya Utamaduni wa Kisanaa ya Moscow, kuanzia Januari hadi Aprili 1921. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, kila kitu ni haba, nao wakakaa vikao kwa vikao wakijadili tofauti ya mpangilio, yaani sehemu zilizopangwa zipendeze, na muundo, ambamo kila sehemu ina kazi yake. Siuiti mjadala ule anasa ya wasomi. Walitaka kujua msanii ana kazi gani katika nchi inayojengwa upya. Wakaleta michoro miwili miwili, mmoja wa mpangilio na mmoja wa muundo, ili hoja ionekane kwa macho. Nikolai Ladovsky, msanifu majengo, alishikilia kwamba alama ya muundo ni kukosa kitu cha ziada. Fundi anayepiga kenchi ya paa atamwelewa mara moja: ule mti wa mshazari haukuwekwa upendeze, ukiung'oa, paa linalegea.

Tatizo ni kwamba karatasi haibebi uzito. Futa nguzo kwa raba, na boriti iliyochorwa juu yake itabaki palepale. Mchoro wa muundo unauonyesha muundo tu, wenyewe hauwi muundo. Naamini ni ukuta huu, kuliko hoja yoyote ya kisiasa, uliowasukuma watoke kwenye karatasi.

Rodchenko alikuwa ameshaanza kutoka. Katika miundo yake ya kuning'inia ya 1920 na 1921 alichukua plaiwudi bapa, akachora umbo ndani ya umbo kwenye kitovu kimoja: mara duara, mara mraba, pembetatu, pembesita au duaradufu. Akakata kwa kufuata mistari. Pete zilizotoka akazizungusha, kila moja kwa mwinamo wake, akazishika kwa waya na kuzitundika. Plaiwudi ileile iliyokuwa bapa sasa ina kina, ina ndani na nje. Mstari umekuwa njia ya msumeno. Ukizirudisha, pete zinaingiana na kulala bapa tena, kwa hiyo hata kuihifadhi ni rahisi. Ya duaradufu ndiyo pekee iliyosalia, nayo iko katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, MoMA, New York.

Machi 1921 yeye, Varvara Stepanova, Aleksei Gan na wenzao wakaunda Kundi la Kwanza la Kazi la Wakonstraktivisti, yaani wasanii walioshika muundo badala ya mpangilio, na Mei miundo hiyo ikatundikwa hadharani Moscow. Vitabu vingi huangalia zaidi Septemba ya mwaka huo, Rodchenko alipoonyesha turubai tatu za rangi moja moja, nyekundu, njano na buluu, na kutangaza kwamba uchoraji umefika mwisho. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa umeshapitishwa miezi kadhaa kabla, kwenye plaiwudi.