Boljointi imeshikwaje? Jibu hilo kabla ya kununua vifaa

Fundi akikwambia "boljointi imekufa", anazungumzia kifundo kidogo kinachounganisha amu, yaani ule mkono wa chuma unaotoka chini ya gari kwenda kwenye tairi, na nako, kile chuma kizito kinachobeba habu (kitovu ambacho tairi hufungwa) na breki. Ndani yake mna kichwa cha duara kama gololi kubwa, kimekaa kwenye kikombe chenye grisi, na kwenye kichwa hicho limechomoza shina lenye nati mwishoni. Nyonga ya mtu imeumbwa hivyohivyo. Ndiyo maana tairi linaweza kupanda na kushuka kwenye mashimo na papo hapo likakata kona.

Hapa Dar kinachoanza kufa mara nyingi ni mpira unaofunika kifundo. Ukichanika, maji ya masika yanaingia na mchanga wake, grisi inaoshwa, chuma kinaanza kusaga chuma. Kwa anayeingia na kutoka Goba au Kigamboni kwa barabara za vumbi, hilo halichukui muda. Utasikia mlio wa kok-kok ukipita tuta taratibu, au utaona tairi linaliwa upande mmoja. Kuhakikisha, inua gari mpaka tairi lining'inie, pitisha nondo chini ya tairi na ulinyanyue kidogokidogo huku mwenzako akimulika boljointi kwa tochi. Shina likicheza ndani ya kikombe, usiendelee kuahirisha. Boljointi ikichomoka barabarani, tairi linalala chini ya bodi na usukani hauna kazi tena.

Wengi wakishajua hilo wanakimbilia Kariakoo kununua vifaa. Mimi ningesema kwanza ulale chini na tochi uangalie boljointi ya gari lako imeshikwaje, kwa sababu imeshikwa sehemu mbili, na kila sehemu ina kifaa chake.

Sehemu ya kwanza ni shina. Magari mengi yako sawa hapa: shina limechongoka, jembamba upande wa nati na nene upande wa kichwa cha duara, na tundu la nako nalo limechongwa vivyo hivyo. Kazi ya nati ni kulivuta shina likabane tunduni. Kwa hiyo ukifungua nati yote, shina linabaki palepale kana kwamba limechomelewa. Hapo ndipo vijana wanapoanza kugonga ncha ya shina kwa nyundo mpaka nyuzi zinachanua, na nati hairudi tena.

Njia za kuliachisha ni tatu. Kuna uma, kipande cha chuma chenye meno mawili kinachopigiliwa kati ya nako na boljointi. Ni rahisi na kinafanya kazi, lakini kinararua mpira. Kama boljointi yenyewe unaitupa, hakuna hasara. Hasara inakuja unapotumia uma huohuo kwenye tairodi nzima, yaani kijiti cha chuma kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi, ambayo ulitaka tu kuipisha. Niliwahi kufanya hivyo nyumbani Tabata, kwenye Corolla: nilimaliza boljointi vizuri, na baada ya miezi michache nikanunua tairodi ambayo haikuwa na kosa lolote ila mpira niliouchana mwenyewe.

Kuna pula ya mkasi, yenye mdomo unaoshika nako na bolti inayoufunga mdomo huo mpaka shina linasukumwa nje. Ukinunua kifaa kimoja tu cha kazi hii, nunua hiki. Pima kwanza unene wa shingo ya boljointi ili mdomo uingie, na shika chuma kizito mkononi: pula nyepesi ya bei ya chini hupinda taya siku ya kwanza. Kaza mpaka iwe ngumu, kisha gonga nako pembeni mara moja. Utasikia "pa!" kubwa kama risasi, na kazi imeisha. Nati usiitoe yote kabla ya mlio huo. Iache imeshika nyuzi chache ili vyuma visikurukie.

Njia ya tatu ni nyundo peke yake, ya kilo moja na nusu hivi, ukipiga ubavu wa lile jicho la nako linalobana shina. Pigo hulifinya jicho kidogo sana, na shina linaachia. Hii ni mbinu ya mafundi wa siku nyingi na inafaa kwa nako za chuma. Nako za alumini usizipige.

Sehemu ya pili ni mwili wa boljointi, na hapa magari yanatofautiana. Kwenye Corolla za NZE imefungwa kwenye amu kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo soketi nzuri zinatosha. Nunua za pande sita, siyo kumi na mbili, kwa sababu nati yenye kutu ya pwani ikiviringika kona utahangaika siku nzima. Chukua na mkono mrefu wa soketi wa nusu inchi. Dawa ya kutu inyunyize jana yake jioni.

Magari mengine boljointi imesukumwa kwa nguvu ndani ya tundu la amu, mara nyingine na ringi ya kuizuia. Ringi hiyo usipoitoa kwanza kwa koleo lake, utasukuma bure. Kifaa chake ni fremu yenye umbo la C, skrubu nene na vikombe vya saizi mbalimbali, na kikombe kinapaswa kukaa kwenye ukingo wa nje wa boljointi mpya, kamwe si juu ya kifuniko cha katikati. Kwa gari moja la nyumbani sioni sababu ya kukinunua. Fungua amu, ipeleke Gerezani kwenye karakana yenye presi, mashine ya kusukuma vyuma kwa nguvu, isukumwe mbele yako. Kuna pia magari ambayo boljointi na amu vinauzwa pamoja. Hapo unabadilisha amu nzima, na mara nyingi bushi zake, yaani mipira ya maungio yake, zilikuwa zimechoka pia.

Sasa jeki, na hapa naomba usinisome kwa haraka. Gari ndogo nyingi zina shokapu na springi zilizosimama pamoja, mtindo aliobuni Mmarekani Earle S. MacPherson miaka ya 1940. Kwenye hizo, boljointi ya chini haibebi uzito wa springi, kwa hiyo unainua bodi na tairi linaning'inia. Lakini Hiace, Prado na Hilux zina amu mbili, ya juu na ya chini, na springi au toshenibaa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi) inaisukuma amu ya chini muda wote. Ukiachisha boljointi bila kuweka jeki chini ya amu hiyo, inashuka kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono. Jeki ikae chini ya amu, na bodi ikae kwenye stendi.

Stendi, siyo matofali. Tofali la saruji linapasuka ghafla bila kuonya, na jeki peke yake haifai kulaliwa hata kwa dakika moja. Kama uwanja wako ni mchanga, tandika ubao mpana na mnene chini ya jeki na kila stendi, kisha sukuma tairi ulilofungua liingie chini ya bodi kama akiba.

Wakati wa kufunga, mchongoko wa shina na tundu lake viwe vikavu na safi, bila grisi. Nati yenye mapengo ikazwe kwa tokirenchi, spana inayopima mkazo, kwa kipimo cha gari lako. Tundu la shina la kupitishia pini inayozuia nati kufunguka lisipolingana na pengo, kaza zaidi kidogo mpaka lilingane. Usirudishe nyuma. Pini iwe mpya, ncha zake zikunjwe pande mbili. Nati za tairi za Toyota ndogo nyingi zinachukua soketi ya milimita 21 na mkazo wa Nm 103 (kipimo cha tokirenchi), ukikaza kwa mkingamo gari likiwa limeshuka. Siku inayofuata pitisha gari sehemu wanakopima alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, hasa kama uligusa tairodi au ulitoa amu.