Kwa nini mzee aliyepumzishwa hushindwa kuinuka kwenye kigoda?

Mama mkubwa wangu ana miaka 76 na anaishi Bugarika, katika nyumba iliyojengwa juu ya miamba kama zilivyo nyumba nyingi za vilima vya Mwanza. Aliugua homa ya mapafu akalazwa siku tisa, akatoka akiwa amepona. Sisi watoto wake tulikubaliana kwamba sasa apumzike: chakula apelekewe kitandani, maji ya kuoga yaingizwe ndani, asiguse ndoo wala ufagio. Wiki mbili baadaye kifua kilikuwa safi kabisa, lakini alipokwenda jikoni na kuketi kwenye kigoda chake, hakuweza kuinuka. Alishika magoti, akajaribu mara tatu, kisha akabaki ameketi akiitazama miguu yake. “Uzee umenifikia,” alisema.

Haukuwa uzee. Umri wake ulikuwa umeongezeka kwa majuma matatu tu, na majuma matatu hayamfanyi mtu aliyekuwa akipanda kutoka barabarani hadi nyumbani kwake ashindwe kunyanyuka. Kilichomwondolea miguu ni kupumzishwa, tena na sisi tuliompenda. Jambo hili hutokea katika nyumba nyingi, na linaeleweka vizuri pale mtu anapojua msuli wa mzee unavyofanya kazi na kwa nini wataalamu wa fiziotherapia, wale ambao wengi wetu huwaita madaktari wa mazoezi, hawakubali kumwacha mzee alale.

Msuli ni tishu inayobomolewa na kujengwa upya kila siku. Kwa mtu anayetembea, kuinama na kubeba, ujenzi huenda sambamba na ubomoaji. Akilala, mwili huona kwamba misuli mikubwa ya mapaja na makalio haitumiki, hupunguza ujenzi, na ubomoaji huendelea. Ugonjwa wenye homa huuzidisha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wazee wachache wenye afya njema, wa wastani wa miaka 67, walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa, na walikula vizuri. Hata hivyo kila mmoja kwa wastani alipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, na nguvu za kunyoosha goti zikapungua kwa takriban asilimia 16. Mama mkubwa alilala muda mrefu kuliko wao, tena akiwa na homa.

Mtu anaweza kuuliza: mbona kijana akilazwa siku kumi hutoka akatembea? Jibu liko kwenye akiba. Kijana anapoinuka kutoka kwenye kiti hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za mapaja yake, hivyo hata akipoteza kiasi chake hahisi tofauti kubwa. Mzee huenda anatumia karibu nguvu zake zote kufanya tendo lilelile, hasa kiti kikiwa kifupi. Kuanzia miaka ya thelathini mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli katika kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Hali hiyo ikizidi, wataalamu huiita sakopenia, jina lililotungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa miaka mingi upungufu huo hauonekani, kwa sababu akiba ipo. Kisha siku moja kibubu kinakaribia kuwa kitupu, na homa ya wiki moja inachukua sarafu za mwisho. Ndiyo maana familia husema mzee “ameanguka ghafla”, ilhali amekuwa akishuka polepole kwa miaka thelathini.

Kuna jambo jingine ndani ya msuli ambalo mimi binafsi lilinigusa nilipoelezwa. Nyuzi za msuli huamrishwa na neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo, na kadiri mtu anavyozeeka baadhi ya neva hizo hufa. Nyuzi zilizoachwa bila neva huwa kama yatima. Neva jirani iliyo hai inaweza kuchipuza tawi na kuzichukua, zisipochukuliwa, hunyauka. Zinazopotea kwa wingi zaidi ni zile za mwendo wa haraka, ambazo kazi yake ni kumwokoa mtu anapojikwaa, kwa kuutupa mguu mbele kabla mwili haujaanguka. Mzee anaweza kuwa bado ana nguvu za kutosha kutembea hadi sokoni, lakini jiwe likiteleza chini ya kiatu, mguu wake huchelewa.

Je, nyama iliyokwenda hurudi katika umri huo? Kwa muda mrefu hata madaktari walidhani haiwezekani. Mwaka 1990 jarida la chama cha madaktari cha Marekani lilichapisha kazi iliyofanyika Boston kwa wazee 10 dhaifu waliokuwa wakitunzwa katika makao ya wazee, wenye umri wa kati ya miaka 86 na 96. Walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa mguu, uzito wa kweli unaochosha, mara tatu kwa wiki kwa majuma manane. Tisa walifika mwisho. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha fimbo walizokuwa wakitembelea. Msuli wenyewe ulikuwa umenenepa kwa kiasi kidogo tu. Sehemu kubwa ya nguvu za mwanzo hutoka kwenye neva: ubongo hujifunza upya kuziita nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo mzee anayeanza mazoezi huona mabadiliko ndani ya wiki chache, kabla hata paja halijaonekana kujaa.

Tulimpeleka mama mkubwa kwenye idara ya fiziotherapia. Mwanza tuna bahati kwamba huduma hiyo, ambayo katika lugha ya wizara ni sehemu ya huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, inapatikana katika hospitali ya Bugando na katika hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure. Kijana aliyempokea alimpa shikamoo, akavuta kiti akaketi mbele yake, na swali lake la kwanza halikuhusu maumivu. Alimuuliza: “Bibi, ni kitu gani ulikuwa unakifanya ambacho sasa huwezi, na unakitaka?” Mama mkubwa alijibu bila kufikiri kwamba anataka kwenda chooni usiku bila kumwamsha mjukuu. Choo chao kiko nje, chini ya ngazi nne za mawe. Tangu hapo kila zoezi alilopewa lilipimwa kwa choo hicho.

Kisha akampima. Kiti kiliegemezwa ukutani, mikono ikapishanishwa kifuani, naye akatakiwa kuinuka na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa umri wake anayefikisha chini ya mara 10 huhesabiwa kuwa yumo hatarini kuanguka. Kwa mwanamume wa umri huohuo mpaka ni mara 11. Anayelazimika kujisukuma kwa mikono huandikiwa sifuri. Mama mkubwa aliandikiwa sifuri.

Kilichofuata ndicho ninachotamani kila mwenye mzazi mzee akione kwa macho. Kijana yule aliweka mito miwili kwenye kiti ili kiwe kirefu, kwa sababu kadiri kiti kinavyokuwa kifupi ndivyo goti linavyokunjika zaidi na paja kubeba mzigo mkubwa zaidi. “Rudisha nyayo nyuma, bibi, ziwe chini ya magoti. Sasa inama mbele mpaka pua ipite magoti, ndipo usimame.” Mama mkubwa alikuwa akifanya kinyume: wazee wengi wakiogopa kuanguka hujivuta nyuma, uzito wa mwili hubaki juu ya makalio, na hakuna paja linaloweza kuunyanyua kutoka huko. Uzito ukisogezwa juu ya nyayo, kazi hupungua mno. Aliinuka mara ya kwanza, bila kushikwa. Akaambiwa aketi polepole, akihesabu hadi tatu, asijiangushe kitini.

Mito ile ndiyo ilikuwa kipimo cha dozi. Alirudia mara nane, akapumzika, akarudia tena, na zile mara mbili za mwisho zilipaswa kuwa ngumu kweli, kwani msuli usiochoshwa haupati sababu ya kujijenga. Alipoweza mara kumi na mbili bila tabu, mto mmoja uliondolewa. Baadaye wa pili. Baadaye alifungiwa kifundoni kifuko cha mchanga tulichoshona nyumbani, anyooshe goti akiwa ameketi. Naamini kosa kubwa la familia zetu, baada ya lile la kumlaza mzee, ni kumpa mazoezi mepesi mno: kupunga mikono kidogo na kutembea hatua chache uani, kisha tukashangaa kwamba haendelei.

Alikuwa na magoti yanayouma, naye aliogopa kwamba mazoezi yangeyasaga. Mtaalamu alimweleza kwamba gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, nao huingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Goti lisilotumika hukosa huduma hiyo, na paja dhaifu huliacha goti libebe kila mshtuko peke yake. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakiwa makali, au yakiendelea hadi kesho yake, dozi hupunguzwa.

Nguvu peke yake hazitoshi kwa ngazi za usiku. Mwili husimama wima kwa kusikiliza vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo na viungo. Gizani macho hutoka kazini. Mwenye kisukari cha miaka mingi huenda nyayo zake nazo zimekufa ganzi, akabaki na sikio peke yake. Hivyo mama mkubwa alizoezwa kusimama karibu na meza akiwa ameunganisha nyayo, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisha kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na meza bila kuishika. Mpango wa mazoezi ya nyumbani uliobuniwa New Zealand miaka ya 1990, unaounganisha nguvu za miguu na mizani ya mwili namna hii, ulipunguza maanguko ya wazee kwa takriban asilimia 35. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki, mbali na kutembea.

Kuhusu kushuka, wakazi wa vilima vya Igogo, Mabatini na Isamilo wanajua jambo ambalo watu wa tambarare hawalijui: mteremko ndio unaotisha kuliko mpando. Mtu anaposhuka, paja hufanya kazi ya breki, likirefuka huku limekaza, na paja dhaifu hushindwa kushika breki. Ndiyo maana kuketi polepole kulikuwa zoezi la kushuka ngazi, ingawa mama mkubwa hakulijua hilo mwanzoni.

Fimbo yake ilikuwa ndefu, naye aliishika upande wa goti bovu. Ikakatwa mpaka kichwa chake kikawa sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono alipouning'iniza, ikavishwa mpira chini, ikahamishiwa mkono wa upande wa pili. Mwanadamu akitembea, mkono huenda pamoja na mguu wa upande wa pili. Fimbo ikifuata mpangilio huo hubeba uzito kwa wakati uleule ambao mguu mgonjwa unaukanyaga.

Chakula nilikaribia kukisahau, na si haki. Mwili wa mzee hujenga msuli kwa uvivu, hivyo huhitaji protini zaidi: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima amuulize daktari. Uji na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, peke yake havifikishi kiasi hicho. Dagaa wa ziwani hufikisha, na wakiliwa na mifupa yao huongeza kalsiamu.

Si kila udhaifu ni wa kupumzika. Mguu na mkono wa upande mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukipinda, kifua kikibana, shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au mzee akianguka kisha asiweze kukanyaga, aanze kwa daktari, na mazoezi yasubiri. Anayepata kizunguzungu akisimama akae kwanza ukingoni mwa kitanda na kuchezesha nyayo kwa dakika moja, ili shinikizo la damu lipate kupanda.

Baada ya wiki sita mama mkubwa aliinuka mara saba kwa sekunde 30. Baada ya miezi mitatu alifikisha mara kumi na moja, kwenye kiti kisicho na mto. Ngazi za chooni zilipigwa chokaa ukingoni zionekane gizani, tukaweka na taa. Alizishuka kwanza mchana, mtaalamu akiwa amemwambia kwamba mguu mzima hutangulia kupanda na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Siku hizi mjukuu hulala. Akizinduka usiku husikia mpira wa fimbo ukigonga mawe, mara nne kwenda, na baada ya kitambo, mara nne kurudi.