Si stelingi, lakini yumo kila mkanda: kazi ya mwigizaji wa pembeni

Kwenye vibanda vya video mtazamaji alihitaji majina mawili tu: stelingi, yaani mhusika mkuu, na adui. Waliobaki wote walikuwa "yule mzee", "yule mama mwenye nyumba", "yule polisi mnene". Makala hii ni ya hao. Mwenye nyumba anayedai kodi, mjumbe wa nyumba kumi, hakimu, mganga, shangazi aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi mitatu. Mwigizaji wa aina hii anaweza kufanya kazi miaka arobaini huku mastelingi wanapanda na kushuka mbele ya macho yake.

Wengi hudhani kipaji chake ni kubadilika. Kubadilika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayofanya apigiwe simu tena, ni kurudia: kufanya kitu kilekile, kwenye neno lilelile, mara kumi na tano, toka asubuhi hadi jua linazama, bila kuonekana amechoka nacho. Stelingi akikosea, ratiba itamsubiri. Wewe uliyeletwa kwa siku moja ukikosea, kesho hupo, na sini yako, yaani kile kipande cha hadithi ulichomo, inaweza kukatwa bila hadithi kupungukiwa kitu.

Ulimi

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC, televisheni ya taifa ya Kenya. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Ojwang ni Mjaluo. Kwa miongo kadhaa Wakenya wengi waliamini kabisa kwamba mtu yule kwao ni kando ya Ziwa Victoria, na alipofariki Julai 2015 wapo waliogundua siku hiyo kwamba sivyo.

Sasa tazama alichokuwa akikifanya mdomoni. Kiswahili cha Mjaluo mwenye lafudhi nzito hakina sh wala z: shida inakuwa sida, shamba linakuwa samba, zawadi inakuwa sawadi. Kiswahili cha Mkikuyu kina mitego mingine: l na r hubadilishana nafasi, na n hujipenyeza kabla ya d na g, gari likawa ngari, dawa ikawa ndawa. Kwa hiyo mwigizaji wa namna hiyo ana kazi mbili kwa wakati mmoja, kuingiza matamshi ya mwenzake na kuufunga mlango ili ya kwao yasipenye. Hiyo ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu masikio yako mwenyewe huwa hayayasikii.

Namna ya kuifanya: chagua mabadiliko matatu ya sauti, si kumi. Wasikilize wenyewe wakizungumza mambo ya kawaida, bei ya samaki, mpira, mvua. Usiwasikilize wachekeshaji wanaowaiga. Ukimwiga mwigaji unapata katuni ya katuni. Kisha chukua kalamu nyekundu uzungushie kila neno kwenye mistari yako ambalo mabadiliko hayo yanaligusa. Halafu sentensi moja iseme kwa hali tatu: kwa kunong'ona, kwa hasira, na huku unapanda ngazi. Ni kwenye hasira lafudhi huponyoka. Pumzi ikikatika, ulimi hurudi kwao.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mwigizaji kuanza siku ya kwanza na lafudhi nzito kama uji wa mtama, siku ya tano imekuwa maji. Kwa kuwa mikanda hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi, mtazamaji atamwona mtu huyohuyo akitoka Kisumu, akirudi Nairobi, akienda Kisumu tena ndani ya dakika ishirini. Dawa yake ni simu. Siku ya kwanza dairekta akisharidhika na sauti, jirekodi sekunde thelathini, na kila asubuhi uzisikilize kabla ya kukaa kwenye kiti cha mekapu.

Lafudhi ikiwa ndiyo kichekesho chote, itachosha baada ya dakika tano. Ojwang aliishi miaka yote ile kwa sababu alikuwa na mke wa kubishana naye, Mama Kayai wake Mary Khavere, na alikuwa na hoja. Lafudhi ilikuwa namna yake ya kuitoa hoja.

Skripti na bilauri ya chai

Ukipewa skripti, usikimbilie mistari yako. Isome yote mara moja kama hadithi, kisha irudie ukihesabu sini ulizomo. Kwa kila sini andika pembeni mambo manne: ni siku ya ngapi katika hadithi, umetoka wapi dakika tano kabla, umevaa nini, mkononi una nini. Inaonekana kazi ya karani, lakini ndiyo itakayokuokoa siku watakapokurekodi ukitoka hospitali asubuhi na ukiingia hospitali jioni. Ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kama dakika moja hivi ya picha. Mwenye mistari sita kwenye kurasa mbili anajua basi kwamba ana dakika mbili za kumfanya mtu akumbukwe, na sehemu kubwa ya dakika hizo atakuwa kimya akimsikiliza mwingine.

Mistari yenyewe ikariri bila hisia, bapa kama unasoma orodha ya majina shuleni. Ukikariri pamoja na mapigo ya hasira au kilio, umeyagandisha. Dairekta akikuambia "sasa sema kwa upole" maneno yote yanakukimbia. Jipime huku unaosha vyombo. Ikiwa mikono ikishughulika mistari inapotea, bado hujaijua.

Sasa chukua sini ya kawaida kabisa: mzee anakunywa chai na mandazi, anamwambia kijana kwamba nyumba imeuzwa. Rahisi? Dairekta atarekodi shoti pana inayowaona wote wawili, kisha shoti ya karibu ya kijana, kisha ya kwako. Tuseme kila moja inarudiwa mara tano. Hizo ni teki kumi na tano. Ukimega mandazi mara mbili katika kila teki, utakuwa umemeza vipande thelathini kabla ya saa sita mchana, na sauti yako kwenye shoti ya karibu, iliyoachwa mwisho, itakuwa ya mtu aliyeshiba na mwenye kiu.

Zaidi ya tumbo kuna meza ya mhariri. Yeye atataka kukata kutoka shoti pana kwenda ya karibu katikati ya sentensi yako. Ikiwa kwenye shoti pana bilauri ilikuwa mkono wa kulia, juu, uliposema "imeuzwa", na kwenye ya karibu iko mezani, shoti moja kati ya hizo ni takataka. Itakayotupwa huwa ni ile uliyoigiza vizuri zaidi. Sijui kwa nini, lakini ndivyo inavyokuwa. Kwa hiyo panga mapema na uandike kwenye skripti: nainua bilauri kwenye "mwanangu", nakunywa, naiweka kabla ya "nyumba". Unamega mandazi mara moja tu, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na unakimega pale mwenzako anapozungumza. Bilauri isikae mbele ya mdomo unapotamka. Na isigonge sahani juu ya neno, kwa sababu mtu wa sauti hawezi kuutenganisha mlio ule na neno lako. Omba kitambaa kidogo chini yake. Chai yenyewe iwe ya vuguvugu na kiasi kilekile kila teki. Mtu wa mwendelezo, anayehakikisha vitu vinafanana kutoka shoti hadi shoti, kama yupo, atakujazia. Kwenye seti nyingi zetu hayupo, au ndiye huyohuyo mshika klapa, kwa hiyo piga picha ya meza kwa simu yako kabla hawajasema "kata, tunahama".

Ukiona kwenye tamthilia mtu anashika kikombe mwanzo hadi mwisho bila kunywa, usimcheke. Huenda anajua hesabu.

Kuhusu kutembea: watakuwekea kipande cha utepe sakafuni pa kusimama. Usikitafute kwa macho. Simama juu yake kwanza, kisha rudi kinyumenyume hadi pa kuanzia ukihesabu hatua. Hatua tano za kurudi ni hatua tano za kwenda. Pata pia alama ya pembeni ya jicho, kona ya kabati kwa mfano. Ukiwa na maiki ya kifuani usijipige kifua kwa uchungu, na mama, bangili zivuliwe mapema au mkono utulie. Kwenye shoti ya karibu ya mwenzako, msubiri amalize ndipo useme, hata kama mnagombana. Mkizungumza kwa pamoja mhariri hana pa kukata. Na wakati kamera inamtazama yeye, mpe mistari yako kwa nguvu ileile uliyokuwa nayo wewe ukirekodiwa. Usikae pembeni unasoma simu. Mastelingi huwatajia maprodyuza majina ya watu waliowasaidia kung'aa, na kazi za pembeni hupatikana kwa njia hiyo pia, si kwenye odisheni tu.

Odisheni yenyewe nitaipita haraka. Jijue uso wako unafaa kazi zipi tatu, mathalani askari, mchungaji na mfanyabiashara, kisha uwe na picha tatu safi, kifua kwenda juu, bila kichujio cha simu kinachofuta mikunjo. Mikunjo ndiyo mali yako. Ukijirekodi nyumbani, simu ilazwe kwa ubavu ili picha iwe pana, ukuta nyuma uwe mtupu, dirisha liwe mbele yako na si nyuma, na anayekusomea mistari mingine asimame mbali kidogo na simu, la sivyo sauti yake itaimeza yako.

Jina na malipo

Hatari ya kufanikiwa ni kwamba mhusika anammeza mwenye mwili. Waliomjua Benson Wanjau kwa jina hilo walikuwa wachache mno kuliko waliomwita Ojwang. Amri Athumani, mchekeshaji wa Tanga aliyefariki Agosti 2018, ukimtaja hivyo wengi watauliza ni nani. Sema King Majuto, kila mtu anatabasamu. Kisheria visa hivi viwili vinaweza kuwa tofauti sana. Jina la mhusika wa kipindi huweza kuwa mali ya kituo au ya mwandishi, na ukitaka kulitumia kwenye tangazo la sabuni unahitaji ruhusa. Jina la kisanii ulilojipa mwenyewe ni lako, mpaka siku unapolisaini kwa mtu mwingine bila kusoma. Kabla ya kipindi kuanza, uliza kwa maandishi: kipindi kikiisha, naweza kuendelea kuitwa hivi jukwaani?

Kwetu malipo mengi ni ya mkupuo, kwa siku au kwa mkanda mzima. Kule Marekani, chama cha waigizaji kilichoanzishwa mwaka 1933 kiligoma mwaka 1960, na kutokana na mgomo huo wanachama wakapata malipo ya marudio filamu zao zinapooneshwa kwenye televisheni, pamoja na mfuko wa pensheni na wa afya. Ndiyo maana mtu aliyesema mistari sita kwenye filamu ya miaka ishirini iliyopita bado hupokea hundi, hata kama ni ya kununulia mkate. Mwaka 2023 waligoma tena, siku 118, na malipo ya marudio kwenye mitandao ya kutazamia filamu na matumizi ya akili unde vilikuwa katikati ya ugomvi huo.

Huku, mkataba wako ndio chama chako. Uangalie kwa mambo haya. Idadi ya siku, na siku moja ni saa ngapi. Nani analipa usafiri wa kurudi usiku. Kurudia sini baadaye na kuingiza sauti studio: kumo ndani ya bei au kunalipwa kando? Kazi itaoneshwa wapi, televisheni tu au mtandaoni pia, nchi zipi, kwa muda gani. Ukiona maneno "popote, milele, kwa njia yoyote", umeuza kila kitu, basi bei iwe ya kuuza kila kitu. Tangazo la biashara liwe na mwisho, miezi sita au mwaka, na nyongeza ilipwe upya. Malipo yagawanywe: sehemu wakati wa kusaini, sehemu siku ya kwanza ya kurekodi, iliyobaki siku ya mwisho kabla hujavua nguo za mhusika. "Tukishauza mkanda" si tarehe.

Kenya na Tanzania zina ofisi za hakimiliki, KECOBO na COSOTA. Waulize ni chama gani kinakusanya mirabaha ya watendaji, yaani malipo ya kazi yako inapotumika. Jiandikishe kwa jina lako la kitambulisho pamoja na la kisanii, na uorodheshe kazi zako zote, hata zile za mstari mmoja. Pia NSSF ya nchi zote mbili hupokea wachangiaji wa hiari. Mzee Ojwang alipopata matatizo ya macho uzeeni, wananchi walimchangia matibabu. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli, ila mchango hauwezi kupangiwa bajeti.

Jambo la mwisho hulipata wengi wakishafika nyumbani wamelipwa. Kurekodi kumeisha, lakini mhariri ameanza tu kuangalia picha, na wiki tatu baadaye atagundua kuna sini ya mlangoni inayokosekana. Usinyoe ndevu, usisuke nywele, na viatu ulivyovaa usimpe mpwa wako, mpaka prodyuza akutumie ujumbe wa maandishi kwamba wamefunga kazi.