Picha ya kutengeneza, ile Wakorea wanaiita mandeuneun sajin

Sisi kwa Kiswahili tunapiga picha. Wakorea nao wana kitenzi chao, jjikda, na ndo hicho hicho wanachotumia kwa kugonga muhuri kwenye karatasi, yaani na kwao picha ni kitu cha kugonga mara moja, paa, umemaliza. Sasa mwishoni mwa miaka ya themanini ukaja msemo mwingine, mandeuneun sajin, picha ya kutengeneza, na hapo ndo maneno yakaanza.

Kwanini sasa watu wagombane kwa kitu kama hicho? Angalia neno lenyewe la picha, sajin. Limetokana na herufi mbili za Kichina, moja ni kunakili nyingine ni ukweli, kwahiyo kwa jina tu picha ni nakala ya ukweli, halafu anakuja mtu anakwambia yeye anaitengeneza, wapiga picha wazee lazima wanune. Na wazee wenyewe walikuwa na sababu. Kuna picha ya Limb Eung-sik ya 1953, mwaka ule mapigano ya vita ya Korea yanasimama, imepigwa Myeongdong katikati ya Seoul: jamaa kaegemea ukuta, kofia kaishusha machoni, mikono mfukoni, na kajifunga kibao kimeandikwa natafuta kazi. Ndo hivyo tu. Ukishaiona hiyo unaelewa kabisa kwanini kizazi kizima kiliamini kazi ya mpiga picha ni kuingia mtaani na kuonyesha maisha yalivyo.

Aliyekuja kuvuruga mambo anaitwa Koo Bohnchang. Alisoma biashara chuo kikuu cha Yonsei, akapata ajira kwenye kampuni, akaiacha (fikiria mzazi wako unamwambiaje hiyo) akaenda Hamburg, Ujerumani, kusomea picha, akarudi nyumbani 1985. Mwaka 1988, ule ule wa Olimpiki ya Seoul, akaandaa maonyesho pale jumba la sanaa la Walker Hill na wenzake, wengi nao wametoka kusoma nje, na watu walioenda kutafuta nakala ya ukweli hawakuikuta. Baadaye yeye mwenyewe akafika mbali zaidi, akawa anachukua karatasi za picha anazishona pamoja kwa uzi kama fundi cherehani, halafu juu yake anachapa picha ya mwili wa mtu, nyuzi zinaning'inia hivi hivi bila kukatwa.

Basi maana yenyewe ndo hiyo, picha ambayo kazi yake kubwa iko kabla ya kubonyeza kamera au baada yake, na kule kubonyeza ni kasekunde tu katikati. Watu wengi wakisikia kutengeneza wanafikiria Photoshop, wanafikiria kudanganya, na mi naona hapo ndo wanapotea. Mchukue Lee Jee Young, binti wa 1983. Studio yake Seoul ilikuwa na upana wa mita 3.6, urefu mita 4.1, kwenda juu mita 2.4, chumba cha kupanga kabisa hicho, na humo humo alikuwa anajenga dunia nzima kwa mikono, kuna moja alikaa miezi mitatu anafuma waya mpaka ukawa uwanja wa majani, kisha anaingia mwenyewe ndani, picha inapigwa, halafu anabomoa kila kitu anaanza nyingine. Ukiiona kwenye simu unasema hii kompyuta. Kumbe kila jani limepita kwenye vidole vyake.

Lee Myoung Ho yeye hajengi kitu, anaenda kwenye mti uliosimama peke yake shambani, analeta watu na kreni, wanasimamisha turubai kubwa jeupe nyuma ya mti, anapiga. Mti ni ule ule, hajaugusa, ila sasa umekuwa kama umechorwa, kama picha ndani ya picha. Kamba na vyuma vya kushikilia ndo anavifuta kwenye kompyuta baadaye, hapo kidogo tu kompyuta imeingia.

Halafu kuna Atta Kim ambaye ananichanganya mpaka leo. Aliacha kamera wazi masaa 8 kwenye mitaa ya New York, na kwa kuwa kila mtu na kila gari vinapita tu, vyote vinayeyuka, yanabaki majengo na moshi moshi fulani hivi wa waliopita. Sasa hiyo kaitengeneza au kaipiga? Hajapanga chochote, kasubiri tu. Mi naiweka upande wa kutengeneza ila sitapigana na mtu.

Na Koo mwenyewe ukimfuatilia anakuvuruga tena. Kuanzia 2004 akaanza kuzunguka makumbusho, za kwao na za nje, Japani, London, Paris, kupiga picha vyombo vyeupe vya kaure vya enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, ambavyo vingine vilishaondoka Korea zamani. Hakuna kushona, hakuna drama, chungu kimewekwa mbele ya karatasi ya kienyeji, hanji, mwanga laini, basi. Vile vikubwa vya mviringo vinaitwa vyungu vya mwezi, na mfinyanzi alikuwa anavitengeneza kwa kuunganisha bakuli mbili mdomo kwa mdomo, ndo maana havijawahi kuwa duara kamili, na kwenye picha ukitulia ukatazama tumboni pale unakiona kile kiungo.